Chombo Kisichoita

Saveria alikuwa na hasira tangu Jumanne, na hasira yenyewe ilianzia kwenye sahani ya tambi.

Binti yake, Tecla, alifika Jumatatu kutoka Torino, ambako ni mkunga, kuja kukaa na mama yake wiki moja. Mama alikuwa amemngoja tangu Krismasi. Alimpikia, akamtandikia, akamfulia hata nguo zilizokuja safi. Halafu Jumanne mchana Tecla akasema anashuka ufukweni kunyoosha miguu, na miguu ikanyooka moja kwa moja hadi mkahawani kwa Mico, baba yake mdogo, ikaingia chini ya meza ya Mico, na Tecla akala tambi za Mico kwa dagaa wabichi na limau, mchana kweupe, mbele ya Torrevana nzima pamoja na wageni. Kabla hajafuta mdomo, habari zilikuwa zimeshapanda ngazi zote za kijiji na kumkuta mama yake akianika mashuka.

Tecla aliporudi nyumbani alimkuta mama amekaa mezani, mikono kaikunja kifuani, jiko limezimwa.

“Umeshiba?” mama akauliza.

“Mama, yule ni baba mdogo.”

“Sikukuuliza ni nani. Nimekuuliza umeshiba?”

“Nimeshiba.”

“Vizuri. Basi leo sipiki.”

Na hakupika. Jumatano hakupika pia. Tecla akawa anakula mkate na jibini kama mfungwa, na mama yake anapita huku na huku akibamiza milango, hata ile ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Mtu asiye wa kwetu atasema mama huyu ana wazimu. Haya, na aseme. Wazimu wa Saveria ulikuwa na sababu, na sababu hiyo kila mtu Torrevana aliijua.

Sisi hatuna bandari. Tuna ufuko wa kokoto, mwamba kulia, mwamba kushoto, na bahari mbele inayobadilika tabia kama mlevi. Mashua ikirudi lazima ipandishwe juu, mbali na mawimbi, na mashua ya mbao yenye injini na nyavu zilizolowa si kikapu cha mayai, inataka watu. Zamani palikuwa na winchi, mtambo wa kuvutia mashua. Winchi hiyo sasa imewekwa mbele ya ofisi ya meya, imepandwa maua, na wageni wanapigia picha hapo wakitabasamu, hata hawajui ni kitu gani. Tumebaki na mikono yetu. Kwa hiyo nahodha akikaribia nchi kavu hupuliza baragumu lake, kombe kubwa la baharini lililotobolewa nchani, na yeyote anayelisikia huacha alichoshika akashuka. Awe anakula, awe ananyolewa ndevu, awe na ugomvi na nahodha tangu utotoni, anashuka. Mashua ikishapanda, nahodha humpa kila aliyevuta fungu lake la samaki, mkono kwa mkono. Ukipokea fungu, ugomvi umekwisha. Ndiyo maana kwetu watu wenye busara hugombana wakati wa baridi, mashua zikiwa zimelala.

Desturi hiyo ina upande wa pili, ambao wageni hawaambiwi. Chombo kisichoita hakiguswi. Asiyeitwa akishika mashua ya mwenzake anakuwa amemtangaza mwenzake marehemu, kwa sababu mashua pekee inayopandishwa bila kuita ni ya maiti. Wazee wetu waliikuta hivyo, sisi tukaikuta hivyo, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Na siku ya Mtakatifu Martino, mwezi wa Novemba, mashua zinapolazwa, mke wa nahodha hulichukua baragumu, akaliziba mdomo kwa nta ya mshumaa wa kanisani, akaigandamiza kwa dole gumba. Linakaa bubu hivyo mpaka mwaka mpya wa uvuvi, na nta inavunjwa na mwito wa kwanza.

Sasa, mwaka uliopita, mwishoni mwa Februari, Turi mume wa Saveria alitoka kuvua kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze, yeye na baharia wake mzee, Cosimo. Libeccio, upepo wetu mbaya wa kusini-magharibi, ukawageukia. Waliifikisha mashua kwenye kokoto, wakaanza kuivuta wawili tu kwa kamba na kapi, na moyo wa Turi ukasimama hapohapo, maji yakiwa magotini. Nyumba zetu ziko juu mlimani, na asubuhi ile upepo ulikuwa unang'oa vigae, kwa hiyo huko juu hakuna aliyesikia kitu. Nyumba iliyoko chini ufukweni ni moja tu: mkahawa wa Mico, mdogo wake Turi, ambaye hulala orofani juu ya jiko lake.

“Aliita,” Cosimo alisema siku ya mazishi, kofia mkononi. “Aliita mara tatu.”

“Sikusikia baragumu,” Mico alisema.

Saveria akamgeukia palepale, padri yuko, jeneza liko, akamwambia, “Muongo mkubwa wewe. Ulisikia ukajifunika shuka.”

Mico aliinamisha kichwa tu. Watu wakakumbuka kwamba ndugu hao walikuwa hawaivi chungu kimoja tangu kitambo. Mico aliiacha bahari, akaligeuza ghala la nyavu la baba yao kuwa mkahawa, akavaa aproni. Turi alimwita mpishi kama vile wengine wanavyosema mwizi. Watu wakaunganisha moja na moja, wakaamini, na Mico tangu siku hiyo ananunua mkate wake bila kuambiwa hata neno.

Saveria hakuiuza mashua. Alivaa mabuti ya Turi yaliyomzidi ukubwa, akamchukua Cosimo, akatoka baharini mwenyewe. Mashua ile ilikuwa riziki yake, na ndicho kitu pekee cha Turi kilichokuwa bado kinatembea. Mara kwa mara alikuwa anasema nayo. Ila aliapa kwamba baragumu hatalipuliza.

“Likilia lile,” aliwaambia wanawake wenzake kisimani, “yule mtu atashuka, kwa kuwa ndiyo desturi, na mimi itanibidi nimpe samaki kwa mkono huu. Bora ukatike.”

“Usiliguse, Mama Tecla,” Cosimo naye alimwunga mkono, haraka haraka. “Liache lilale.”

Basi mwaka mzima walitoka siku za bahari shwari tu, na wakirudi waliivuta mashua kidogo kidogo kwa kapi, wakipumzika, wakitukana, wakivuta tena. Baragumu lilikaa kwenye sanduku la mbele, limeviringishwa ndani ya kofia ya sufu ya Turi, na Saveria hakulitia mkononi hata siku moja. Hata siku ya Mtakatifu Martino ilipopita, hakulitoa kulitia nta.

Sasa mmeelewa ile sahani ya tambi.

Alhamisi alfajiri kiuno cha Cosimo kilikataa kuamka. Alijikokota hivyo hivyo hadi kwenye benchi la ufukweni, akakaa upande, akamtazama Saveria akipakia nyavu.

“Mlima umevaa kofia,” akasema. Kweli, wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima wa rasi, dalili ya upepo.

“Na uvae suruali pia. Mimi natoka.”

“Hasira hasara, Mama Tecla.”

“Na hicho kiuno chako ni hasara ya nini? Kaa hapo ukipashe jua.”

Tecla alikuwa nyuma yake na koti la mvua lililonunuliwa mjini, la rangi ya waridi, aibu tupu.

“Wewe unakwenda wapi?” mama akamuuliza.

“Baharini. Siwezi kukaa wiki nzima nasikiliza milango.”

Mama akasogea kidogo ili binti apate pa kukanyaga.

Bahari ilikuwa imetulia, utulivu ule wa mtoto anayepanga kufanya jambo. Walitupa nyavu, wakangoja, wakazivuta, na dagaa walikuwa wengi, wanang'aa hadi kwenye vifundo vya miguu. Siku nyingine Saveria angeimba. Siku hiyo alikuwa anawatoa kwenye matundu ya nyavu kana kwamba kila mmoja amekula kwa Mico.

“Amezeeka,” Tecla akasema.

“Nani?”

“Unajua nani. Hakula kitu. Alikaa akinitazama nikila.”

“Bila shaka. Alikuwa anaona jinsi alivyoninyang'anya na mtoto.”

“Mama, nilimuuliza kuhusu siku ile.”

Mikono ya Saveria ikasimama kwenye wavu. “Akasema nini?”

“Akaniuliza kama nataka jibini zaidi.”

“Umeona? Mtu safi angejibu.” Akarudi kwenye dagaa wake. “Baba yako alikufa maji yakiwa magotini, nchi kavu iko pale, na ndugu yake wa tumbo moja amelala juu ya jiko. Halafu wewe unakwenda kula mezani kwake. Ungeniambia una njaa ningechinja hata paka.”

“Sikuwa na njaa. Nilitaka kumuona. Nina baba mdogo mmoja tu, na baba sina.”

“Basi kaa naye.”

Wakaendelea kugombana hivyo, na katika kugombana hakuna aliyetazama nyuma. Upepo haukubisha hodi. Kofia ya mlima ilikuwa imeshuka mpaka mabegani, bahari kule nje imegeuka rangi ya risasi, na wimbi la kwanza la Libeccio lilipowainua, Saveria aliona yote kwa mara moja, akajilaani kwa maneno ambayo Tecla hakujua kama mama yake anayajua. Akawasha injini, akaielekeza mashua nyumbani.

Waliingia kati ya ile miamba miwili wakisukumwa kwa nyuma. Saveria alikuwa anajua kazi yake, tusimpunje. Alingoja wimbi kubwa, akalipanda, akaipachika mashua kwenye kokoto imenyooka kama mshale. Wakaruka. Akatia kamba kwenye kapi, wakavuta wote wawili, mashua ikapanda pima moja. Kisha wimbi lililofuata likaipiga mgongoni, mkia ukaanza kugeuka, na pima ile ikarudi majini. Wakavuta tena. Ikarudi tena. Siku shwari una muda wa kutukana na kupumzika. Siku ya Libeccio chombo kikilala ubavu tu, kokoto zinakisaga.

Mlango wa mkahawa ukafunguka, Mico akatoka na aproni yake.

Alishuka haraka hadi pale kokoto kavu zinapoishia na kokoto zilizolowa zinapoanza, akasimama. Hakuongeza hatua. Mikono yake ilikuwa mbele, imefunguka, na anamtazama Saveria machoni. Nyuma yake wageni walikuwa wamesogea barazani na simu zao, wengine bado wanatafuna, wanaipiga picha mashua inayopigwa.

“Mama, ita,” Tecla akasema.

“Vuta.”

“Mama, wawili hatutoshi. Ita.”

“Siiti. Unamuona alivyosimama? Leo anajua kushuka. Leo pana watazamaji. Vuta, nimekuambia.”

Wimbi likapiga. Tecla akateleza, mashua ikayumba kumjia, na mama yake akamnyakua kwa kile kikoti cha waridi akamtupa pembeni. Ubao wa ubavuni ukalia, sauti kavu, kama mtu aliyevunjika mbavu. Miaka yote Turi aliupaka ubao ule rangi kila masika, bluu juu, nyeupe chini, akiwa na mkate mdomoni kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

“Inapasuka,” Tecla akasema. Goti lake lilikuwa linatoka damu.

“Acha ipasuke.”

“Hivyo ndivyo baba angesema?”

“Baba yako aliita. Aliita mara tatu, na nini kikatokea?”

Tecla akaona maneno hayasaidii. Alijirusha ndani ya mashua, akafungua sanduku la mbele, akaitoa ile kofia ya sufu, akalitoa baragumu, akalipeleka mdomoni. Alipuliza mpaka mashavu yakamuuma. Kimya. Akapuliza tena.

“Mama, halitoi sauti. Limeziba.”

“Haliwezi kuziba. Lete hapa.”

Alilichukua akiwa na nia ya kulitupa baharini, na hilo alilisema mwenyewe baadaye. Lakini akaligeuza, akaona.

Nta ilikuwa palepale, ya mshumaa wa kanisani, ya manjano, imejaa mdomo wote wa baragumu na haina hata ufa. Katikati ya nta kulikuwa na alama ya dole gumba, na katikati ya alama kulikuwa na mstari wa kovu uliokatisha. Saveria alitazama dole gumba lake mwenyewe, pale kisu cha samaki kilipompitia alipokuwa msichana. Kovu lilikuwa lilelile. Nta hiyo aliitia yeye, Novemba ile ya mwisho ya Turi, jikoni, huku Turi akimshikia mshumaa. Na tangu alipoitia hakuna aliyeigusa.

Turi hakuita. Hakuita mara tatu wala mara moja.

Wimbi likapiga mashua na Saveria hakulisikia. Alikuwa amerudi jikoni kwake, usiku wa Januari, tambi zinachemka, na Turi anasema kwamba mashua zikianza kutoka itabidi amalize maneno na Mico, haifai ndugu kuishi hivi. Naye Saveria akamgeukia na mwiko mkononi. Ukimpa yule mpishi fungu kwa mkono wako, akamwambia, mkono huo usinishike tena. Turi alicheka, akala chakula chake. Yeye Saveria wala hakulikumbuka tena neno lile. Alikuwa anasema maneno kama hayo kila wiki.

“Mpumbavu,” akasema.

“Nani, mama?”

“Mpumbavu wewe, Turi.” Alikuwa analiambia baragumu, na sauti ilikuwa inapanda. “Miaka thelathini hukuwahi kunisikiliza. Nilikuambia uache tumbaku, hukunisikiliza. Nilikuambia paa linavuja, hukunisikiliza. Siku hiyo moja ukanisikiliza. Siku hiyo moja, mjinga wewe, ndiyo ukaona mke wako ana maneno ya maana.”

Akachomoa kisu mkandani, akaichokoa nta vipande vipande, akaitema ile iliyobaki, na akapuliza.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na hii ilikuwa na mwaka mzima ndani yake. Sauti iligonga mwamba wa kulia ikagonga wa kushoto. Kabla haijafika kijijini juu, Mico alikuwa ameshika ubavu wa mashua, maji kifuani, aproni inaelea. Cosimo alisahau kiuno, akaja. Kutoka juu watu wakateremka ngazi wakirukaruka: kinyozi na mteja wake mwenye povu upande mmoja, mwuza mkate mikono myeupe kwa unga, wanawake, hata meya. Wageni nao, nitawapa haki yao, waliweka simu chini wakaja. Mjerumani mmoja aliingia majini na suruali nyeupe na viatu vya ngozi, akavuta kama punda, huku anauliza kila mtu avute wapi.

Mashua ikapanda. Ikalala juu ya kokoto kavu, ubavu mmoja umepasuka, maji yanatiririka kwenye ufa, lakini nzima. Ubao unabadilishwa. Watu wakasimama wakihema, wakicheka kidogo, na halafu kicheko kikaisha, kwa sababu kila mmoja alijua sasa kinafuata nini.

Saveria akachukua kapu la dagaa, akaanza kugawa. Akampa kinyozi, akampa mteja wa kinyozi, akampa mwuza mkate. Akampa Mjerumani, ambaye hakujua aweke wapi, akaweka kwenye kofia. Akafika kwa Cosimo, akasimama.

“Mara tatu, Cosimo?”

Mzee akatazama viatu vyake.

“Nilikuambia usiliguse,” akasema kwa sauti ndogo. “Ningewaambia nini watu, Mama Tecla? Kwamba nahodha wangu alikuwa na baragumu miguuni, akafa kwa kukataa kulishika? Wangemcheka mpaka kaburini.”

“Ukaona bora nimle mtu mwingine nyama mwaka mzima.”

“Niliona bora iwe hivyo, ndiyo. Nilimpenda sana.”

“Shika dagaa wako. Na kiuno kiendelee kukuuma.”

Akaendelea na mstari. Wa mwisho alikuwa Mico. Aliishika aproni yake iliyolowa kwa ncha zake mbili, imetanuka, inangoja. Tecla alisema kweli, alikuwa amezeeka. Saveria aliliweka kapu chini.

“Ulisema hukusikia baragumu.”

“Sikusikia, shemeji. Halikulia.”

“Ulikuwa wapi?”

Mico akageuka akaonyesha kwa kichwa pale kokoto kavu zinapoishia, palepale aliposimama leo.

“Niliwaona tangu wanagusa nchi. Nikashuka. Nikasimama hapo nikingoja aniite. Aliniona, shemeji. Tulitazamana kama mimi na wewe sasa. Halafu akanipa kisogo, akaendelea kuvuta.”

“Na wewe ukasimama.”

“Hakuita.”

“Ukasimama tu, na mikono yako yote miwili.”

“Ningeshika mashua yake bila kuitwa, ningekuwa nimemzika akiwa hai.”

“Kwani hukumzika?” Saveria akasema.

Machozi yakamtoka Mico waziwazi mbele ya wateja wake, naye hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa imeshika aproni.

“Mwaka mzima nakuita muongo,” Saveria akasema. “Sokoni. Kanisani. Nimekutemea mate mlangoni kwako siku ya Pasaka. Ungesema neno moja tu, kwamba hakuita. Kwa nini hukusema?”

“Ningesema, watu wangeuliza kwa nini hakuita.”

“Na wangeuliza. Ungewajibu.”

Mico alimtazama tu, kwa upole uliomchoma Saveria kuliko tusi, na Saveria akaelewa kwamba analijua. Lile neno la jikoni, la mwiko, analijua lote.

“Alikuambia,” akasema.

“Wiki ile ile. Alipita akanywa kahawa, mlango wa nyuma, usimwone. Akasema, mke wangu kaapa, nikikupa samaki nitalala na mbwa. Tulicheka sana. Sikufikiri kama siku ile na yeye alikuwa ananingoja. Nilidhani anayengoja ni mimi tu.”

Tecla alikuwa amekuja kusimama karibu na mama yake, na mama yake akamsukuma kwa kiwiko, si kwa nguvu, kwa sababu hakutaka kushikwa na mtu. Alikuwa na hasira bado. Msidhani iliisha. Ilikuwa imejaa tele, ila haikuwa na pa kwenda: Turi amekufa, Cosimo ni mzee, huyu hapa analia, na aliyebaki ni yeye. Akainama, akatia mikono yote miwili kwenye kapu, akachota dagaa mpaka wakamwagika viganjani, akawabwaga ndani ya aproni ya Mico. Akachota tena. Akachota mara ya tatu, mpaka kapu likabaki na maji.

Kisha akamshika Mico ukosi wa shati, akamvuta karibu, kana kwamba anataka kumpiga kichwa.

“Sikiliza wewe. Siku nyingine ukiniona hapa nahangaika na nimenyamaza, usije ukasimama tena pale kama nguzo. Shika mashua. Waache waseme nimekufa.”